Je, Kubahatisha Jibu la Mtihani ni Kudai Elimu Usiyo Nayo?



 



Muhula uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, tulibaki watu watano au sita nje ya msikiti tukizungumzia jaribio la sheria tulilolifanya asubuhi ya siku ile. Lilikuwa na maswali 20 ya kuchagua, kila swali na majibu manne, A mpaka D. Ndugu mmoja alisema ameacha maswali matano wazi kwa sababu hakuyajua. "Nikiweka alama kwenye B huku sijui, si nimesema uongo?" Mwenzake akacheka. "Hakuna anayekatwa alama kwa kukosea. Kuacha wazi ni kujinyima tu, usiuite ucha Mungu." Dada mmoja aliyekuwa akisikiliza akauliza: "Na kubahatisha je, si aina ya kamari?" Kipindi cha mchana kilikuwa kimefika, tukaachana bila jibu.

Mimi si mufti, na makala haya si fatwa. Ni mwanafunzi wa sheria kutoka Nkungu, wilayani Rusizi. Swali lile sikuweza kuliacha pale msikitini, kwa sababu lilinikumbusha jambo lililonipata nyumbani. Nitaanza na jambo hilo, kisha nieleze nilivyofikia ninachokiamini.

Yaliyonipata Nkungu

Nilipokuwa mwaka wa pili tulipewa jaribio ambalo swali lake moja liliuliza: muda wa kukata rufaa unaanza kuhesabiwa lini? Majibu yalikuwa manne na yote yalionekana kuwa na maana. Sikujua. Nikaangalia karatasi yangu, nikaona sijachagua C kwa maswali mengi yaliyotangulia, nikachagua C. Majibu yaliporudi nilikuwa nimepata 15 kati ya 20, na C ilikuwa sahihi. Nilifurahi, nikaikunja karatasi na sikuifungua sheria kuangalia kwa nini C ni sahihi. Ya nini kulisoma swali nililokwisha kulipata?

Likizo ilipofika nikarudi Nkungu. Jirani yetu, mama mjane, alikuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba, na Abunzi walikuwa wamekwisha kutoa uamuzi uliompa haki mwenzake. Msomaji asiyetoka Rwanda ajue kwamba Abunzi ni wapatanishi wanaochaguliwa kwa uadilifu wao. Wanasikiliza migogoro midogo ngazi ya seli, na asiyeridhika huenda ngazi ya sekta kabla ya kufika mahakamani. Hawalipwi mshahara. Kwa watu wa milimani kama sisi, huko ndiko sheria inakoanzia.

Mama yule alikuja na karatasi ya uamuzi ndani ya mfuko wa plastiki. "Mwanangu, wewe unasoma sheria. Nimebakiwa na siku ngapi?"

Nilikumbuka kwamba swali hili nililipata. Sikukumbuka nililipata kwa jibu gani. Hata hivyo nikasema kwa sauti ya mtu mwenye 15 kati ya 20: "Usiwe na wasiwasi mama, muda bado upo. Nitakuandikia wiki ijayo."

Babu yangu alikuwa amekaa kando. Yeye hakupata shule nyingi, lakini aliwahi kuwa mmoja wa Abunzi. Akaniuliza: "Hayo umeyasoma wapi?" Nikanyamaza. Akamgeukia mama: "Wewe nenda kesho asubuhi. Usimsubiri huyu." Akaenda, na rufaa yake ikapokelewa. Usiku ule niliifungua sheria kwenye simu, nikahesabu siku kwa mujibu wake. Angesubiri mpaka wiki ijayo, muda ungekuwa umekwisha.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikajiuliza: kosa langu lilikuwa wapi? Lilikuwa pale nilipochagua C, pale nilipomjibu mama, au mahali fulani katikati?

Alama kwenye C inasema nini?

Tuanze na hoja ya yule ndugu aliyeacha maswali matano wazi. Ana msingi mzuri. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na anatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Wema waliotangulia walilichukua jambo hili kwa uzito. Imepokewa kwamba Imam Malik (Mungu amrehemu) aliulizwa maswali 48, na 32 kati ya hayo akayajibu kwa kusema hajui. Imepokewa pia kwamba mtu alimfikia kutoka nchi ya mbali na swali la watu wake, naye akamwambia hajui. Yule mtu alipouliza awaambie nini waliomtuma, alijibiwa awaambie kwamba Malik hajui.

Lakini tuangalie mtihani wenyewe unauliza nini. Imam Malik aliulizwa: hukumu ya Mwenyezi Mungu katika jambo hili ni ipi? Kujibu hapo ni kutoa ushahidi, na watu watauchukua ushahidi huo na kuufanyia kazi. Karatasi ya maswali ya kuchagua haiombi ushahidi wa namna hiyo. Inasema: kati ya haya manne, chagua lililo bora. Marekani, ambako mtihani wa namna hii umekuwa sehemu ya kuingia uwakili tangu mwaka 1972, mtahiniwa hupewa maswali 200 katika vipindi viwili vya saa tatu tatu, kila swali na majibu manne, na hakatwi alama kwa kukosea. Aliyeutunga anajua kwamba sehemu ya majibu itakuwa ya kubahatisha. Mtahiniwa anajua. Chuo kitakachoyapokea matokeo kinajua.

Wanazuoni wana kanuni kwamba desturi huhukumu: neno au kitendo hufahamika kwa maana ambayo watu wa mahali hapo wamezoea kukipa. Katika chumba cha mtihani, alama kwenye C maana yake si "naapa kwamba C ni kweli." Maana yake ni "nikilazimika kuchagua, nachagua C." Basi aliyechagua hivyo bila kujua hakusema uongo, kwa sababu hakuna aliyedanganyika. Ndugu yetu aliyeacha wazi hakufanya kosa, na unyofu wake ni wa kuheshimiwa. Ila hakulazimika.

Si kila kutojua ni sawa

Kuna jambo jingine ambalo yule ndugu hakulizingatia. Alisema "sikuyajua" kana kwamba kuna hali mbili tu, kujua na kutojua. Wanazuoni wa Usul al-Fiqh wametufundisha daraja zaidi ya hizo. Ipo yakini, ambayo haina nafasi ya kinyume chake. Ipo dhana yenye nguvu, pale upande mmoja unapoelemea kwa dalili. Ipo shaka, pande mbili zikiwa sawa. Na upo upande dhaifu unaobaki baada ya dhana, wanaouita wahm.

Sehemu kubwa ya ibada na hukumu zetu imesimama juu ya dhana yenye nguvu. Chukua mfano wa Qibla. Uko safarini kutoka Kamembe kwenda Kigali, basi limeharibika usiku ndani ya msitu wa Nyungwe, ukungu umefunika kila kitu na simu imezima. Unajua kwamba kwetu Rwanda Qibla kiko kaskazini, kikiinamia mashariki kidogo. Unakumbuka jua lilizama upande gani wa barabara. Unakadiria, unaelekea huko, unaswali. Umetimiza wajibu, hata kama ulikosea kidogo. Lakini mwenzako aliyeshuka, akaelekea popote bila kutafuta dalili yoyote ilhali aliweza kutafuta, huyo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wanasema hakutimiza, hata ikidhihirika baadaye kwamba alielekea sawasawa.

Tuutafakari mfano huu. Aliyekosea baada ya kujitahidi amekubaliwa. Aliyepatia bila kujitahidi hakukubaliwa. Sheria inaangalia njia aliyopita mtu kabla ya kuangalia alikofika.

Maana hiyo hiyo imo katika hadithi mbili ambazo kila anayesoma sheria anapaswa kuzihifadhi. Ya kwanza, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba hakimu akijitahidi katika hukumu yake na akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi na akakosea ana ujira mmoja. Ya pili, iliyopokewa na Abu Dawud, inaeleza kwamba mahakimu ni watatu, mmoja Peponi na wawili Motoni. Wa Peponi ni aliyeijua haki na akahukumu kwayo. Wa Motoni ni aliyeijua haki akaikiuka, na yule aliyewahukumu watu kwa ujinga. Angalia vizuri huyu wa mwisho. Hadithi haikuweka sharti kwamba hukumu yake ilikuwa na kosa. Inawezekana kabisa alipatia, na aliyestahiki shamba akalipata. Kilichomwangamiza ni kuzichezea haki za watu bila elimu.

Kuondoa majibu ni elimu

Sasa tunaweza kuzitazama mbinu ambazo wanafunzi hufundishana kabla ya mtihani, na kuona kwamba hazilingani.

Mbinu ya kwanza na bora ni kuondoa. Hujui jibu, lakini unajua kwamba A haiwezekani kwa sababu inaipa mahakama ya mwanzo mamlaka isiyokuwa nayo, na D haiwezekani kwa sababu inamtaka mshtakiwa athibitishe kwamba hana hatia. Zimebaki B na C. Wengine hukuita huku kubahatisha, lakini sivyo. Ni ile njia ambayo watu wa Usul wanaiita as-sabr wat-taqsim: kuzikusanya sababu zote zinazowezekana, kisha kuzichuja moja moja mpaka ibaki inayosimama. Walipoitafuta sababu ya kuharamishwa mvinyo walifanya hivyo. Je, ni kwa kuwa ni kimiminika? Maji ni kimiminika. Ni kwa rangi yake? Vinywaji vingi halali vina rangi hiyo. Ni kwa kutokana na zabibu? Zabibu ni halali. Ukabaki ulevi. Anayejua lisilowezekana ana elimu, na ana haki ya kuitumia.

Nguvu ya mbinu hii inaonekana kwa hesabu. Wengi wetu hapa Rwanda tulifanya mtihani wa sheria wa kuchagua kabla hata ya kufika chuo: mtihani wa leseni ya muda ya udereva, ile tunayoiita provizwari. Maswali ni 20 na anayepata 12 amefaulu. Tuseme kila swali lina majibu manne. Anayebahatisha yote bila kujua chochote atapata 5 kwa wastani, na nafasi yake ya kufikisha 12 haizidi mtu mmoja kwa kila elfu. Sasa mchukue anayejua maswali 8 kwa yakini. Kwa 12 yaliyobaki anahitaji manne tu. Akiyabahatisha kwa upofu, nafasi yake ya kufaulu ni kama moja kati ya tatu. Lakini akiweza kuondoa majibu mawili katika kila moja ya hayo 12, nafasi yake inafika zaidi ya 90 kwa 100. Mtu ni yule yule na maswali aliyo na yakini nayo ni 8 tu. Kinachomvusha ni ile nusu ya elimu ya maswali mengine.

Kwa hesabu hiyo hiyo tunaona kwamba kukatwa alama kwa jibu la kosa, jambo ambalo wanafunzi wengi hulilalamikia, kuna uadilifu ndani yake. Ukikatwa theluthi ya alama kwa kila kosa katika majibu manne, anayebahatisha maswali 12 kwa upofu atapatia 3 kwa wastani na kukosa 9. Anaongeza 3 na kukatwa 3, anabaki na sifuri, sawa na aliyeacha wazi. Lakini aliyeondoa mawili mawili atapatia 6 na kukosa 6. Anaongeza 6, anakatwa 2, anabaki na 4. Mizani hiyo haimdhulumu mwenye nusu ya elimu. Inachofanya ni kulipa neno "sijui" thamani yake. Kwa hiyo mtihani ukiwa wa namna hiyo, acha wazi pale usipoweza kuondoa hata jibu moja, na jibu pale unapoweza.

Mbinu ya pili haimsomi mwanasheria, inamsoma mtunga mtihani. Jibu refu kuliko mengine ndilo sahihi. C haijatokea muda mrefu, basi zamu yake imefika. Majibu mawili yakifanana, moja ni la kweli. Sisemi ni haramu. Lakini tukubaliane kwamba hapo hakuna fiqhi yoyote wala sheria yoyote. Ni kama aliyeshuka basi Nyungwe akaelekea Qibla kwa kufuata upande ambao dereva amesimama. Mwingine atasema: lakini majibu yenye maneno "daima" na "kamwe" mara nyingi huwa ya kosa. Ni kweli, na hapo kuna chembe ya elimu, kwa sababu sheria hujaa istisnai. Ukiliondoa jibu kwa sababu unaikumbuka istisnai yenyewe, umejitahidi. Ukiliondoa kwa kuliona neno tu, hukujitahidi.

Na kununua maswali yaliyovuja, au kumchungulia jirani, hayo yako nje ya mjadala huu. Mtume (S.A.W.) amewatenga na umma huu wenye kughushi, na hakuna hesabu inayohitajika hapo.

Je, ni kamari?

Dada yetu aliuliza kuhusu kamari. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imeharamisha kamari na mishale ya kupigia ramli kwa pamoja. Kamari ninavyoifahamu ni watu kuweka mali, kisha mmoja aondoke na ya mwenzake kwa bahati. Katika mtihani sichukui alama ya mwenzangu, na alama yenyewe si mali niliyoiweka rehani. Kwa hiyo sioni kwamba ni kamari.

Swali la ramli linanigusa zaidi. Katika Uislamu ipo kura, na ni halali. Nabii Yunus (A.S.) alipigiwa kura ndani ya jahazi. Waliogombania kumlea Maryam walirusha kalamu zao, kama ilivyo katika Sura ya Aal Imran, aya ya 44. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wake zake anapotaka kusafiri. Lakini kura hizo zilitumika pale watu walipokuwa sawa na hapakuwa na njia nyingine ya kumteua mmoja kati yao. Hakimu hapigi kura ili ajue nani aliiba. Basi ukifunga macho na kuweka alama kwenye C, elewa kwamba umepiga kura tu. Kinachofanana na ramli ni kuamini, baada ya kupatia, kwamba ile C ilikufundisha kitu. Hilo ndilo lililonipata mimi.

Kubadilisha jibu

Kuna kanuni nyingine ambayo wanafunzi hurithishana: usibadilishe jibu lako la kwanza. Wengine huipamba kwa kanuni ya fiqhi isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini haihusiki hapa, kwa sababu jibu la kwanza lililotoka kwa dhana halijawahi kuwa yakini.

Mwaka 2005 watafiti Kruger, Wirtz na Miller walichapisha uchunguzi wa mitihani ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Illinois, Marekani. Waliangalia majibu yaliyofutwa na kubadilishwa, wakakuta kwamba waliohama kutoka kosa kwenda sahihi walikuwa kama mara mbili ya waliohama kutoka sahihi kwenda kosa. Hata hivyo wanafunzi wenyewe waliamini kinyume chake, kwa sababu jibu sahihi ulilolifuta linakuuma na kukaa moyoni kuliko la kosa uliloliacha.

Sisi tulikuwa na mafunzo haya zamani. Katika barua inayonasibishwa na Sayyidna Umar (R.A.) kwa Abu Musa al-Ash'ari kuhusu ukadhi, anamuusia kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea kwenye haki leo akiiona. Kinachotakiwa ni kutofautisha dalili na wasiwasi. Ukikumbuka kifungu ambacho hukukikumbuka mwanzo, badilisha. Ukitetemeka tu kwa kuwa muda unakwisha, acha.

Alama inapotoka chumbani

Sasa narudi kwa yule mama wa Nkungu, maana kwake ndiko nilikolipata jibu.

Nilisema kwamba katika chumba cha mtihani hakuna anayedanganyika, kwa sababu wote wanaijua desturi. Lakini mama yule hakuwahi kuingia katika chumba kile. Yeye haijui desturi yetu. Anachojua ni kwamba mtoto wa jirani amekwenda chuo, amefaulu, na sasa anasoma sheria. Kwake alama zangu ni ushahidi kamili kwamba najua. Na mimi nilipomjibu nilikubali zichukuliwe hivyo. Uongo ambao haukuwepo nilipochagua C ulizaliwa pale, kibarazani kwetu.

Kwa hiyo kosa halikuwa kuchagua C, na halikuwa katika kumjibu peke yake. Lilikuwa katika miezi yote ya katikati, nilipoihesabu alama ile kuwa mali yangu. Sasa ninaiona tofauti. Alama niliyoipata kwa kujua ni yangu. Niliyoipata kwa kuondoa ni yangu kwa sehemu. Niliyoipata kwa kubahatisha ni deni. Nimekopeshwa kabla ya kustahiki, na watakaonidai si walimu, kwa sababu wao wamekwisha kuifunga hesabu. Watakaonidai ni watu watakaokuja na karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki.

Mtihani wa kuchagua hauwezi kutusaidia hapa. Unaona tulikofika, hauoni tulikopita. Aliyejua, aliyekadiria na aliyefunga macho wote unawapa alama moja. Tofauti yao aijuaye ni Mwenyezi Mungu, na wao wenyewe. Ndiyo maana naona kwamba kazi ya kuwatofautisha ni amana juu yetu.

Ninavyofanya siku hizi

Ndugu zangu, haya ninayoyaeleza ni ya kutendeka, na nimeyajaribu.

Ninapoanza mtihani napita kwanza kwenye maswali ninayoyajua, ili nisiyapoteze kwa kukosa muda. Nasoma ombi la swali kabla ya kusoma kisa chake, kwa sababu "lipi kati ya haya si sahihi" na "lipi ni sahihi" vimewaangusha wengi waliojua. Najaribu kulitamka jibu moyoni kabla ya kuangalia yale manne, maana jibu la kosa lililoandikwa vizuri hushawishi. Kisha naondoa, na kwa kila ninaloliondoa najitajia sababu.

Kando ya kila swali nililokadiria naweka nukta moja kwa kalamu ya risasi. Kando ya kila nililobahatisha naweka mbili. Pale ambapo karatasi ya maswali inakusanywa, nayaandika ninayoyakumbuka mara nikitoka. Kabla ya kulala nafungua sheria na kutafuta yale ya nukta mbili, kisha ya nukta moja. Sisubiri matokeo. Nikisubiri, yale niliyopatia nitayaacha, na hayo ndiyo yenye hatari, kwa sababu niliyokosa nitasahihishwa na mwalimu, lakini niliyopatia kwa bahati hakuna atakayenisahihisha.

Na nikiulizwa jambo nyumbani ambalo sina yakini nalo, najifunza kusema "sijui, nipe mpaka kesho niangalie." Mara ya kwanza ilikuwa nzito mdomoni. Yule mama alikuja tena likizo iliyofuata na swali jingine, nami nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Akasema, "Vizuri mwanangu, angalia," akakaa kunywa chai na bibi. Babu hakusema kitu, lakini nilimwona akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atujaalie tuseme "sijui" pale tusipojua, na awasamehe waliotangulia kutufundisha. Atufanye miongoni mwa waijuao haki na kuhukumu kwayo, wala asitufanye sababu ya mja wake yeyote kupoteza haki yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.